Blade Runner ya 1982 na Blade Runner 2049: nani binadamu, nani steringi?

Tangu Amazon itangaze kwamba inatengeneza mfululizo wa televisheni uitwao Blade Runner 2099, filamu mbili za jina hilo zimerudi midomoni mwa watu, na mkanganyiko umerudi nazo. Kwenye maskani zetu za Mombasa, kuanzia Kibokoni hadi Bamburi, utamsikia mmoja akishikilia kwamba ile ya 2017 ni filamu ya zamani iliyopigwa upya kwa kamera za kisasa. Mwingine ataapa kwamba ya zamani inaishia kwa furaha, wapenzi wawili wakikata milima ya kijani ndani ya gari. Mwenzake, aliyeitazama juzi kwenye simu, naye ataapa kwamba mwisho huo haupo kabisa. Wa nne ameshaamua kwamba zote mbili ni hadithi za maroboti, kwa hiyo hana haja nazo.

Hao wanaobishania mwisho wanasema kweli wote wawili, na nitaeleza sababu. Huyo wa maroboti ndiye aliyekosea zaidi. Lakini kabla ya yote, ambaye hajazitazama na hapendi kuharibiwa uhondo aishie hapa, kwa sababu miisho ya filamu zote mbili itatajwa. Haiwezekani kuzilinganisha bila kufika huko.

Ya pili si marudio

Filamu inaweza kurudi kwa njia mbili. Inaweza kurudiwa, yaani kisa kile kile na wahusika wale wale wasimuliwe upya. Au inaweza kuendelezwa, yaani ulimwengu ule ule usogezwe mbele kwa wakati na yatokee mambo mengine. Chukua nyumba ya matumbawe na chokaa pale Mji wa Kale. Kuirudia ni kuibomoa na kujenga nyingine kwa ramani ile ile, kwenye kiwanja kile kile. Kuiendeleza ni kupandisha ghorofa juu ya kuta zilizopo, na fundi anayepandisha ghorofa hana budi kujua ukuta upi unabeba uzito na upi umewekwa kugawa vyumba tu.

Blade Runner 2049 ni ghorofa. Ya kwanza, iliyoongozwa na Ridley Scott na kutolewa Juni 1982, inatokea Los Angeles ya mwaka 2019. Ya pili ilitoka Oktoba 2017 na mwongozaji wake ni Denis Villeneuve wa Kanada, huku Scott akibaki kati ya watayarishaji. Ndani ya hadithi imepita miaka 30. Nje yake imepita 35, na Harrison Ford, aliyecheza kama Rick Deckard akiwa kijana wa miaka 40 hivi, anarudi akiwa mzee wa zaidi ya 70. Hampton Fancher, mmoja wa waandishi wawili wa ile ya kwanza, ameandika pia ya pili. Kwa hiyo walioshika kazi hii waliijua nyumba yenyewe, vyumba na nyufa zake.

Chimbuko la zote ni riwaya ya Mmarekani Philip K. Dick ya mwaka 1968. Dick alifariki Machi 1982, miezi michache tu kabla ya filamu kutoka.

Replikanti ni nani

Roboti ukimfungua utakuta chuma na nyaya. Replikanti ukimfungua utakuta moyo. Amekuzwa na kampuni kwa nyama na damu, anapumua, anatoka jasho, anaogopa, na akipigwa risasi anakufa kama mimi na wewe. Ndiyo maana polisi katika filamu ya kwanza hawawezi kumtambua kwa macho. Wanalazimika kumketisha mezani, kumwekea kifaa mbele ya jicho na kumuuliza maswali ya kuuchoma moyo: umemkuta kobe kajipindua jangwani, tumbo lake linaungua kwa jua na wewe humsaidii, kwa nini? Huku wanauliza, wanaangalia mboni inavyotanuka. Kipimo hicho kinaitwa Voight-Kampff, na kinachopimwa ni huruma.

Watu hawa wa kutengenezwa hupelekwa kufanya kazi ngumu na za hatari katika makoloni ya anga za mbali. Duniani wamepigwa marufuku baada ya uasi. Akionekana mmoja, hutumwa askari maalumu aitwaye blade runner amuue, ila serikali yao haisemi ameuawa. Husema "amestaafishwa". Wale wa mwaka 2019, aina ya Nexus-6, wametengenezwa na Shirika la Tyrell wakiwa na nguvu na wepesi kupita binadamu, na akili isiyopungua yake, kisha wakawekewa ukomo wa miaka minne ya kuishi, wasije wakakomaa hisia zao na kukataa amri.

Basi kisa cha filamu ya kwanza ni hiki: replikanti wachache wanatoroka huko juu na kurudi Duniani. Kiongozi wao, Roy Batty, aliyechezwa na Mholanzi Rutger Hauer, anataka kumfikia aliyemuumba amwombe muda zaidi wa kuishi. Deckard anatumwa awamalize. Njiani anampenda Rachael, replikanti ambaye hakujua kwamba ni replikanti, kwa sababu amepandikizwa kumbukumbu za utotoni za mpwa wa Tyrell, mwenye shirika lile.

Hapa ndipo ninapoona watazamaji wa Mombasa wana jambo ambalo wengi wa huko Marekani hawana. Tunapita Kengeleni kila siku, pale penye mnara wa kengele ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Church Missionary Society kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kengele ile iliwekwa kuwatahadharisha watu wakati wafanyabiashara wa watumwa walipokaribia. Mtu anayejua kisa cha mnara huo hatasumbuliwa na swali la kama replikanti wana mota au hawana. Ataona mara moja kwamba anatazama watu waliotorokea uhuru na askari aliyelipwa kuwasaka. Batty mwenyewe, Deckard anaponing'inia ukingoni mwa paa akielekea kuanguka, anamwambia kwamba kuishi kwa hofu ndiko kuwa mtumwa.

Filamu ya pili inaingia ndani zaidi ya jambo hili. Sasa replikanti wanatengenezwa na tajiri mwingine, Niander Wallace, na hawa wapya wameundwa watii. Lakini K, afisa wa polisi aliyechezwa na Ryan Gosling, ambaye mwenyewe ni replikanti anayewinda replikanti wenzake, anafukua mifupa ya mwanamke aliyefariki akijifungua. Mifupa ni ya Rachael. Replikanti amezaa.

Wallace na replikanti wa chini kwa chini wote wanamtafuta mtoto huyo, kila upande kwa nia yake. Wanaopigania uhuru wanasema: tukiweza kuzaliwa, si mali ya mtu tena. Wallace anasema: wakiweza kuzaana, nitapata wafanyakazi wengi kuliko ninaoweza kuwatengeneza. Historia ya pwani yetu ilikwisha kuonja ubishi huu. Kulikuwa na mtumwa aliyeletwa kutoka bara na kulikuwa na mzalia, aliyezaliwa hapa hapa nyumbani kwa bwana. Mzalia alipata heshima kidogo zaidi, aliaminiwa zaidi, lakini kuzaliwa peke yake hakukumfanya kuwa huru. Ndiyo maana mimi huyachukulia maneno ya Wallace kuwa ya kutisha kuliko damu yoyote inayomwagika katika filamu hiyo. Amefikiri kama wamiliki wa kweli walivyofikiri.

Miisho miwili ilitoka wapi

Turudi kwa wale wawili wa maskani. Kabla ya filamu ya kwanza kutolewa, studio iliijaribu kwa watazamaji wa Denver na Dallas. Wengi walitoka wamechanganyikiwa na wamenyong'onyea. Studio ikaogopa. Ikamtaka Ford arekodi sauti ya kueleza mambo filamu ikiendelea, na ikaongezwa sehemu ya mwisho ambapo Deckard na Rachael wanaondoka mjini kwa gari kupitia milima. Picha za milima ile zilipigwa kwa ajili ya The Shining ya Stanley Kubrick zikabaki bila kutumika, naye akawapa. Hilo ndilo toleo lililoingia kumbini mwaka 1982, na kanda yoyote ya video iliyokodishwa Mombasa katika miaka ya 1980 ilikuwa na mwisho huo wa furaha.

Mwaka 1990 nakala ya kazi, ile ya kabla ya studio kutia mkono, ilionyeshwa Los Angeles na watu wakaipenda. Likafuata toleo la mwongozaji la mwaka 1992: sauti ya maelezo imeondolewa, milima imeondolewa, na lifti inajifunga mbele ya Deckard na Rachael, basi. Hatuambiwi walifika wapi. Mwaka 2007 likatoka toleo la mwisho, ambalo Scott alilisimamia mwenyewe kwa uhuru kamili. Ukiyajumlisha na yale ya majaribio na ya televisheni, matoleo yanafika saba. Aliyetazama kwenye kanda ya kukodi na aliyetazama juzi kwenye simu wametazama filamu mbili tofauti kidogo zenye jina moja.

Tofauti moja ndogo ndiyo iliyozaa ubishi mkubwa. Katika toleo la 1992, na tena la 2007, Deckard anaota farasi mwenye pembe moja akikimbia msituni. Mwishoni anaokota sakafuni farasi kama huyo aliyekunjwa kwa karatasi na Gaff, askari mwenzake. Gaff ameijuaje ndoto ya mtu? Deckard aliyajua ya utotoni mwa Rachael kwa sababu alisoma faili lake. Basi huenda Deckard naye ana faili.

Wengi wanaamini Blade Runner 2049 imemaliza ubishi huo. Haikuumaliza. Scott amesema mara nyingi kwamba kwake Deckard ni replikanti, Ford naye akashikilia kwamba alimcheza binadamu, na Villeneuve akaamua kutojibu kwa makusudi. Wallace anamkejeli Deckard kwamba pengine aliundwa tangu mwanzo ili ampende Rachael wazae, kisha anatia "kama": kama uliundwa. Kule Las Vegas Deckard anafuga mbwa. K anauliza kama ni mbwa wa kweli, naye anajibiwa amuulize mbwa mwenyewe.

Huo ndio ustadi wa fundi wa ghorofa. Hadithi ya 2017 haikuegemea milima wala lifti, na wala haikuegemea jibu la swali la Deckard. Imeegemea ukuta ulio katika matoleo yote: watu hawa wawili waliondoka pamoja. Toleo lolote ulilotazama, ya pili itakupokea.

Ila niseme jambo ambalo mashabiki wengi hulikwepa. Ukuta huo wenyewe una ufa. Katika filamu ya kwanza, Rachael anapotaka kuondoka kwa Deckard, jamaa anaufunga mlango kwa nguvu, anamsukuma na kumwamuru aseme kwamba anamtaka. Muziki unalia kimapenzi, lakini kinachoonekana ni mtu mwenye nguvu na bunduki akimshurutisha mtu ambaye sheria inamhesabu kuwa kitu. Filamu ya pili inalichukua penzi hilo kuwa muujiza bila kuugusa mlango ule. Ninaipenda sana, na bado naona ilistahili kuugusa.

Mvua, theluji na vumbi

Ya kwanza inakaa mjini, usiku, mvua ikinyesha kama masika isiyokwisha, taa za matangazo zikimulika madimbwi, watu wamebanana wanakula tambi kwenye vibanda vya kando ya njia. Kilichoipa sura hiyo ni michoro ya Syd Mead, kamera ya Jordan Cronenweth na muziki wa Mgiriki Vangelis. Filamu nyingi za baadaye zikitaka kuonyesha mji wa kesho zimeazima mvua hiyo na taa hizo. Mtoto wa leo anaweza kuitazama ya 1982 akadhani imeiga wengine, kumbe ndiyo iliyoigwa.

Ya pili inatoka nje ya mji. Ikolojia imeporomoka katikati ya miaka ya 2020, na Wallace ametajirika kwa kulisha watu chakula cha kutengenezwa. Kisa kinaanzia shambani, lakini mkulima anafuga mabuu kwenye maji. San Diego ni jaa la taka. Las Vegas imetupwa, imefunikwa na vumbi la rangi ya machungwa, na majumba yake ya anasa yamebaki wazi kwa upepo. Washairi wa zamani wa Pate, walioimba makasri yaliyogeuka makazi ya popo na buibui, wangepatambua. Kando ya Los Angeles umejengwa ukuta mkubwa wa kuzuia bahari, na pambano la mwisho linatokea chini yake, gari likizama mawimbi yakipiga. Kwetu kisiwani, ambako maji kupiga ukutani si jambo la filamu tu, sehemu hiyo inabana kifua.

Roger Deakins ndiye aliyeshika kamera, na kwa kazi hiyo akapata Oscar yake ya kwanza baada ya kuteuliwa mara 13 bila kushinda. Filamu ilipata ya pili kwa athari za picha.

Yule aliyedhani ni steringi

Waliokulia kwenye vibanda vya video wanaijua sheria: steringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atachomwa pamoja na nyumba, lakini mwishoni atasimama na adui atalala chini. Na kwa kawaida kuna siri kuhusu nasaba yake: kumbe ni mwana wa mfalme, kumbe ndiye aliyetabiriwa.

Blade Runner 2049 inaijua sheria hiyo na inaitumia dhidi yetu. K ana kumbukumbu moja ya utotoni anayoamini imepandikizwa: yuko kwenye nyumba ya mayatima, watoto wenzake wanamfukuza, anaficha farasi wa mbao ndani ya tanuri. Tarehe iliyochongwa chini ya farasi huyo ni ile ile aliyoikuta imechongwa kwenye mti uliosimama juu ya mifupa ya Rachael. Anaenda kwenye nyumba ile ya mayatima, anatia mkono tanurini, na farasi yumo. Mtengeneza kumbukumbu, Ana Stelline, anaichunguza kumbukumbu hiyo na kuthibitisha huku akilia kwamba ilitokea kweli, kuna mtu aliyeyapitia hayo. K anapiga ukelele. Anaamini kwamba hakutengenezwa. Alizaliwa. Alikuwa na mama.

Nasi tunaamini pamoja naye, kwa sababu kila filamu tuliyowahi kutazama imetufundisha hivyo.

Halafu Freysa, kiongozi wa replikanti wa chini kwa chini, anataja kwamba Rachael alizaa mtoto wa kike. Anamwona K usoni, anaelewa alichokuwa akikifikiri, na anamwambia kwamba kila mmoja wao ametamani kuwa ndiye. Kumbukumbu ni ya Ana. Ni yake, aliyalilia maisha yake mwenyewe. K ni mmoja tu kati ya wengi.

Kwangu mimi hapa ndipo filamu hizi mbili zinapoachana. Ya kwanza inauliza: huyu unayemwita kitu, je, si mtu? Inajibu kupitia Roy Batty, ambaye ni steringi wa kweli hata katika kufa. Ametenda mauaji, amemuua aliyemuumba, muda wake umebakia dakika. Deckard anateleza ukingoni mwa paa na Batty anamshika mkono, anamvuta juu, kisha anakaa kwenye mvua na kutaja maajabu aliyoyaona ambayo yatapotea pamoja naye. Hauer aliyapunguza maneno yaliyoandikwa na kuongeza yake kuhusu machozi ndani ya mvua. Binadamu pale juu ya paa ndiye aliyekuwa muuaji wa kukodiwa, na mtumwa ndiye aliyekuwa na huruma.

Ya pili haiulizi tena kama replikanti ni mtu, kwa sababu sote tumeshajua. Inauliza: ukigundua kwamba wewe si mteule, damu yako haina siri, hakuna aliyekutabiri, utafanya nini na siku zilizobaki? K anaagizwa na waasi amuue Deckard asije akateswa na kutoa siri. Polisi wamemfukuza. Wallace anamwinda. Yeye anachagua la nne: anamtoa Deckard majini na kumpeleka kwa binti yake ambaye hajawahi kumwona. Kisha anajilaza kwenye ngazi, theluji ikimwangukia, na muziki wa Hans Zimmer na Benjamin Wallfisch unarudisha sauti ile ya Vangelis ya kifo cha Batty.

Batty alilia kwa sababu maisha yake yalikuwa makubwa na mafupi. K aliambiwa maisha yake ni madogo, na akayatumia kwa ajili ya baba na mtoto ambao si wake. Sijaona filamu nyingine kubwa ya Hollywood iliyothubutu kumnyang'anya steringi cheo chake katikati ya safari na bado ikamwacha aendelee.

Joi, na haya tunayozungumza nayo kwenye simu

Swali linaloulizwa sana siku hizi ni kama filamu hizi zinahusu akili unde. Replikanti, kama nilivyosema, ni wa nyama na damu, kwa hiyo Batty na K hawahusiki. Anayehusika ni Joi, aliyechezwa na Ana de Armas. Joi ni programu, taswira ya mwanga inayouzwa na kampuni ya Wallace kwa watu wapweke. Hana mwili. Anamsubiri K nyumbani, anacheka, anahofu, anampa jina la kibinadamu: Joe. K anapoanza kuamini kwamba amezaliwa, Joi anamwambia siku zote alijua yeye ni wa pekee.

Baadaye kifaa kinachombeba Joi kinapondwa kwa kiatu. K anatembea peke yake darajani, na tangazo refu kama ghorofa linamwinamia: Joi mwingine, uchi, macho meusi, anamwita Joe. Jina lile lilikuwa la kila mteja. Na kule kumwambia yeye ni wa pekee, bila shaka kulikuwa kwa kila mteja pia.

Je, Joi wa K alimpenda? Filamu haijibu. Inatuonyesha tu kwamba kampuni ilipata pesa vyovyote ilivyokuwa. Mwaka 2017 hilo lilionekana jambo la mbali. Leo vijana wanaandikiana usiku kucha na programu zinazokubaliana nao kwa kila kitu, na ningependa kila mzazi aliye na mtoto wa namna hiyo aitazame sehemu ya daraja pamoja naye.

Mawili yanayosemwa bila kuangaliwa

Kwamba filamu ya kwanza ilitabiri 2019 ikakosea, eti hatuna magari yanayoruka. Haikuwa falaki. Mwaka 2019 ya Scott ina simu za video za kibandani lakini hakuna simu ya mkononi hata moja, na matangazo ya Pan Am, shirika la ndege lililofilisika mwaka 1991. Villeneuve angeweza kuyasahihisha yote. Alikataa, akaliacha hata tangazo la Atari liendelee kuwaka mwaka 2049, kwa sababu alikuwa akiiendeleza kesho ya 1982 na si kesho yetu.

Na kwamba zilifeli, kwa hiyo ni mbovu. Ni kweli hazikufanya vizuri sokoni. Ya kwanza ilitoka wakati E.T. ya Steven Spielberg imeteka kumbi zote, na watu walitaka kiumbe wa kukumbatia. Ya pili iliingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani kote, lakini ilikuwa imegharimu zaidi ya milioni 150 kuitengeneza kabla ya matangazo, na dakika zake 163 ziliwashinda wengi. Ile ya kwanza iliyokataliwa iliingizwa mwaka 1993 katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Ukiniuliza ipi bora, nitasema ulimwengu ni wa ile ya kwanza na hadithi ni ya ile ya pili. Ya pili ina mapungufu: Wallace anahutubu mno, na vita vya replikanti vinaanzishwa kisha vinaachwa vinaning'inia. Ya kwanza ina mlango ule niliotaja. Lakini kisa cha Deckard ningeweza kukueleza chote kwa dakika tano, na cha K nimejaribu hapa na bado najua nimeacha mengi.

Anayetaka kuanza atafute toleo la 2007 la ile ya kwanza, ambalo hudumu chini ya saa mbili. Kabla ya ya pili, zipo filamu fupi tatu zilizotengenezwa kujaza miaka ya katikati, na ambayo hupaswi kuiruka ni ile ya katuni ya Shinichiro Watanabe kuhusu mwaka 2022, siku umeme ulipozimwa na kumbukumbu zote za kidijitali zikafutika. Hiyo itakusaidia kuelewa kwa nini K anahangaika kutafuta rekodi za mtoto mmoja na kukuta kurasa zimechanwa. Kisha ya pili, usiku, kwenye skrini kubwa kadiri utakavyoipata, na simu uizime.